Mita 30 Kabla ya Kituo: Kisa cha Daladala na Baiskeli ya Mikate

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Dar es Salaam, kwenye barabara ya lami yenye njia moja kila upande. Majina, tarehe, namba ya gari, mtaa na ruti ya daladala vimeondolewa, na mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Wahusika wanaitwa kwa kazi zao: mwendesha baiskeli, dereva, konda. Mimi niliingia baada ya ajali, uongozi wa mtaa uliponiomba niongoze mazungumzo kati ya madereva, waendesha baiskeli na vijana wa bodaboda wanaotumia kituo hicho. Nimewasikiliza wote, na eneo tumelipima kwa futi kamba pamoja nao.

Nimekichagua kwa sababu hakina mlevi, hakina mashindano ya mbio, hakina breki zilizokatika. Ajali yenye mlevi hufundisha kidogo, maana lawama hupata pa kutua mara moja na watu wakatawanyika. Hapa watu wawili walikuwa wakifanya kazi kama wanavyoifanya kila asubuhi, wakakutana kwenye kipande cha lami kisichowatosha, na mmoja akavunjika mfupa.

Mazingira

Mwendesha baiskeli ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Husambaza mikate na skonzi kutoka kwenye kiwanda kidogo cha mikate hadi maduka ya mitaani na kwa mama lishe. Huanza saa 11 alfajiri, kwa kuwa duka linalofunguliwa saa 12 linataka mkate uwepo kabla mteja wa chai hajafika. Baiskeli yake ni ile nzito ya chuma, yenye breki za vyuma ambazo mvua ikinyesha hushika kwa kuchelewa. Juu ya keria amefunga sanduku la mbao lenye upana wa sentimita 90 hivi, wakati usukani hauzidi sentimita 65. Maana yake, sehemu pana kuliko zote ya chombo chake iko mgongoni kwake, asikoiona. Riflekta ilikuwa kwenye madigadi ya nyuma, na turubai la kufunika mikate lilikuwa limening'inia likaifunika.

Daladala ilikuwa Coaster, ambayo upana wake ni karibu mita 2.1 bila kuhesabu saiti mira. Dereva ana zaidi ya miaka kumi kwenye usukani, leseni yake ilikuwa hai na gari lilikuwa na bima. Anafanya kazi kwa hesabu. Jioni anampelekea mwenye gari kiasi walichokubaliana, mafuta yanatoka kwenye mauzo ya siku, na kinachobaki anagawana na konda wake. Asubuhi hiyo gari jingine la ruti ileile lilikuwa nyuma yake, na kila dereva wa Dar anajua kwamba anayefika kituoni wa pili huokota waliobaki.

Sasa barabara yenyewe. Kila njia ina mita 3.5 kwenye ramani, lakini ukingo wa kushoto umeliwa na maji mahali pengi. Kati ya lami na mchanga wa pembeni kuna ngazi ya kama sentimita 10, na baada ya mchanga unakuja mtaro usiofunikwa. Kituo kina nguzo yenye kibao na hakina mahali pa gari kuingia, hivyo daladala husimama humohumo barabarani. Ilikuwa masika. Dimbwi lilikuwa limejaa mbele ya kibao, na abiria walikuwa wamesogea kama hatua ishirini upande magari yanakotokea. Nyuma yao kulikuwa na kijiwe cha bodaboda na meza ya matunda. Mtu wa baiskeli hakuwa na pembeni pa kukimbilia.

Ni vizuri kulisema hili mapema: barabara kama Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kivukoni, ilipojengewa mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016, ilipata pia njia za baiskeli kando yake. Hata huko utakuta bodaboda zinapita na bidhaa zimepangwa, lakini njia ipo. Barabara nyingi za ndani, ambako ndiko mikate, mkaa, maji na samaki wa soko la Feri hupita kwa baiskeli, hazina kitu cha namna hiyo. Baiskeli na Coaster hugawana lami ileile, na watumiaji wenyewe ndio hupanga namna ya kugawana.

Ilivyotokea

Ilikuwa saa 12 na dakika chache asubuhi, mwanga bado haujakolea, mvua ya usiku imekatika. Mwendesha baiskeli alikuwa amebana kushoto, gurudumu lake likiwa kama nusu mita kutoka kwenye ukingo, kwa mwendo wa takriban kilomita 15 kwa saa. Daladala ilimfikia kwa nyuma. Konda aliona watu kituoni, akagonga bodi.

Dereva alianza kuipita baiskeli zikiwa zimebaki kama mita 30 kufika kwenye abiria. Kwa maelezo yake mwenyewe na ya abiria waliokaa mbele, gari lilikuwa kwenye 30 hivi kwa saa na mguu ulikuwa umeshagusa breki. Gari na baiskeli zikawa sambamba, na zikaendelea kuwa sambamba. Mbele ya baiskeli kulikuwa na sehemu ambayo ukingo umemegeka, na kijana akasogea kulia kidogo kuikwepa. Muda huohuo dereva akavuta usukani kushoto kuwaendea abiria.

Ubavu wa gari, nyuma ya mlango, uligusa kona ya sanduku. Baiskeli ikasukumwa kushoto, gurudumu la mbele likatumbukia kutoka kwenye lami hadi kwenye mchanga uliolowa, na kijana akaangukia bega la kushoto karibu na mtaro. Dereva hakuhisi kitu. Konda alikuwa ameshaning'inia mlangoni anaita abiria, uso ukiwa mbele. Aliyepiga kelele ni abiria wa dirishani.

Maelezo ya pande mbili yalipishana kwa sentensi moja tu. Dereva alisema, "Dogo alinichomekea." Kijana alisema, "Gari lilinibana." Watu walitaka nichague nani mkweli. Nilipopima, wote wawili walikuwa wakieleza kile walichokiona, na nitaeleza sababu huko mbele.

Maamuzi ya dakika za kwanza

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa dereva: aondoke au asimame. Konda alimwambia asogeze gari, kwa kuwa vijana wa bodaboda walikuwa wameshaanza kuja na sauti zimepanda. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva aliyehusika kwenye ajali asimame, atoe msaada na atoe taarifa polisi. Lakini kwenye usukani, sekunde ile, mtu haogopi sheria, anaogopa umati. Tusipolikubali hilo tutaendelea kuwahubiria madereva wasikimbie na wao wataendelea kukimbia. Kilichomsimamisha huyu ni mama mmoja mtu mzima aliyekaa kiti cha nyuma yake. Alimwambia, "Mwanangu, zima gari, shuka umwangalie mwenzio. Mimi nashuka na wewe." Akashuka naye kweli. Mzee wa meza ya matunda naye akaja akasimama kati ya dereva na vijana, na kwa kuwa wote humwamkia kila asubuhi, hakuna aliyemvuka.

Uamuzi wa pili ulihusu kumwinua majeruhi. Vijana walitaka kumpakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, kama inavyofanyika kila siku. Yule mama alikataa. Alimuuliza kijana kama shingo inamuuma, kama anahisi vidole vya mikono na miguu, akamwambia asiinuke kwanza. Shingo ilikuwa salama. Kilichouma ni bega, na mkono wa kushoto haukunyanyuka. Mkono ulifungwa kifuani kwa khanga na akapelekwa kituo cha afya kwa bajaji, amekaa wima. Kwa mfupa wa bega ulivyokuwa, safari ya bodaboda kwenye mashimo yale ingemwongezea jeraha.

Uamuzi wa tatu ulisahaulika na watu wengi, na baadaye ukawa na thamani kubwa. Kijana mmoja wa bodaboda alipiga picha gari likiwa palepale, baiskeli ilipoangukia, alama ya tope kwenye ubavu wa gari na ngazi ya ukingo wa lami. Alifanya hivyo kabla ya mtu yeyote kusogeza kitu.

Polisi, hospitali na "tuyamalize wenyewe"

Kituo cha afya kilimpa huduma ya kwanza na kumtuliza maumivu wakati ndugu yake akifuatilia polisi fomu ya PF3, ile ya matibabu ya majeruhi. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa mtulinga umevunjika. Trafiki alifika, akachora mchoro wa eneo, na gari likapelekwa kukaguliwa. Breki na matairi vilikutwa vizima.

Jioni ile mwenye gari alikuja nyumbani kwa kijana na ujumbe tunaoufahamu wote: tuyamalize wenyewe. Alikuja kwa heshima, akamwamkia mama mzazi, akaomba radhi kwa niaba ya dereva wake, na akaweka mezani fedha pamoja na karatasi ya kusaini kwamba familia haina madai zaidi. Fedha zilikuwa zinatosha dawa na nauli za wiki za mwanzo. Mama alikuwa tayari kusaini. Kijana ndiye aliyekuwa akileta chakula, na kesho yake hapakuwa na mauzo ya mkate.

Mjomba wa kijana akaomba siku mbili. Hoja yake ilikuwa rahisi: hakuna daktari aliyewaambia bado mfupa utachukua muda gani, sasa wanasaini kuuza kitu wasichojua bei yake. Gari lilikuwa na bima ya mtu wa tatu, ile ambayo kila gari linalotembea barabarani linatakiwa kuwa nayo chini ya Sheria ya Bima za Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Bima hiyo ipo kwa ajili ya mtu kama huyu kijana, aliyeumizwa na gari lisilo lake. Familia ikapokea fedha za matibabu ya mwanzo, ikaandika kwamba imezipokea kama msaada wa matibabu, na ikakataa kusaini karatasi ya kumaliza madai.

Nawaheshimu sana kwa uamuzi huo, kwa sababu njaa ilikuwa mlangoni. Mwenye gari naye hakugeuka mbogo. Alitoa nakala ya bima siku iliyofuata.

Kikao cha kituoni

Wiki kadhaa baadaye ndipo mtaa ulipoitisha kikao. Kiliitishwa kwa ajili ya kuwaonya madereva kuhusu mwendo kasi, na nusu saa ya mwanzo ilikwenda huko. Kila aliyesimama alilaani mbio. Nikamwomba dereva mwenyewe aseme alikuwa na mwendo gani, akasema 30, na hakuna aliyembishia, kwa kuwa waliokuwepo walijua ni kweli. Kikomo kwenye maeneo ya makazi ni 50. Hakuna aliyekuwa akikimbia. Basi tukaacha mahubiri tukachukua futi kamba.

Kwanza tulipima upana. Tuliweka baiskeli yenye sanduku nusu mita kutoka ukingoni, kama ilivyokuwa. Kona ya kulia ya sanduku ilifika sentimita 95 kutoka ukingoni. Njia ina mita 3.5, Coaster inachukua 2.1. Dereva akipita bila kuvuka mstari wa katikati, hata matairi yake yakikanyaga mstari wenyewe, kati yake na sanduku zinabaki sentimita 45. Nchi zilizoandika nafasi ya kuipita baiskeli kwenye sheria zinataka zaidi ya mara tatu ya hiyo: Ujerumani, kwa mfano, tangu mwaka 2020 inataka mita 1.5 mijini na mita 2 nje ya miji. Kuacha mita 1.5 pale kituoni kungemlazimu dereva aingie njia ya magari yanayokuja kwa zaidi ya mita nzima. Madereva walikaa kimya kidogo. Mmoja akasema amekuwa akidhani anaacha nafasi ya kutosha kwa sababu saiti mira haigusi usukani wa baiskeli. Alikuwa akipima kwa usukani. Sanduku hakuwahi kulihesabu.

Kisha tukapima muda, na hapa ndipo kikao kilipogeuka. Gari linalotoka kwenye 30 likipunguza mwendo taratibu hadi kusimama, wastani wa mwendo wake katika kipande hicho ni 15. Baiskeli nayo ilikuwa inakwenda 15. Mita 30 za mwisho zilichukua sekunde 7 kwa gari na sekunde 7 kwa baiskeli. Dereva hakuokoa chochote. Aliipita baiskeli ili afike nayo pamoja, mahali pamoja, kwenye upande uleule wa barabara. Ndiyo maana gari halikumtangulia kijana na kumwacha, lilikaa naye ubavuni mpaka likamfinya. Ndiyo maana pia dereva aliamini kwamba kijana ndiye aliyechomekea: kichwani mwake baiskeli ilikuwa imeshapitwa na haipo tena.

Tulimwomba kila dereva akae kwenye kiti cha Coaster iliyoegeshwa, na kijana mwingine asogee na baiskeli kutoka nyuma kwa kushoto. Baiskeli ilipofika usawa wa nyuma ya mlango, karibu na bodi, wengi waliipoteza kwenye kioo. Konda aliyesimama mlangoni aliiona muda wote. Waendesha baiskeli nao walikaa kwenye kiti hicho, na mmoja wa wakongwe akashuka akasema kwamba miaka yote alikuwa akiamini dereva anamwona na anamdharau.

Walichokubaliana

Makubaliano hayakuwa mengi, na nilisisitiza yasiwe mengi.

Madereva wa ruti hiyo walikubali kwamba wakishaivuka nguzo ya pili ya umeme kabla ya kituo, ambayo iko kama mita 90, hawaipiti baiskeli. Wanakaa nyuma yake hadi kituoni. Tuliipiga hesabu gharama yake mbele yao, kwa sababu sikutaka wakubali kitu ambacho kitawashinda kesho. Kukaa nyuma ya baiskeli kwa mita 90 ni sekunde 22 hivi. Kuipita kwa mwendo wa 40 na kisha kusimama ni sekunde 12 hivi. Kwa hiyo anayesubiri anapoteza kama sekunde 10, na anayepita katika mita 30 za mwisho hapati hata moja.

Makonda walikubali kuwa jicho la kushoto. Kabla gari halijaingia kituoni na kabla halijaondoka, konda anageuka nyuma kwanza na kutamka "baiskeli kushoto" ikiwa ipo. Ndipo anaita abiria.

Waendesha baiskeli walikubali mambo mawili yaliyowauma. La kwanza, sanduku lisizidi upana wa usukani kwa zaidi ya kiganja, na riflekta ihamie kwenye sanduku lenyewe, nje ya turubai. La pili, wakikaribia kituo au sehemu iliyomegeka, wasibane pembeni. Wageuke waangalie nyuma, watoe mkono, wasogee hadi mita moja na nusu kutoka ukingoni, na wanyooshe mstari hadi wapite.

Ukingo wa lami uliandikiwa barua kupitia ofisi ya mtaa. Wanaopata kisa kama hiki wakumbuke kuuliza mapema barabara ni ya nani, maana kuna za TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) na kuna za TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), na barua iliyokwenda kusikohusika huzunguka kwa wiki nyingi.

Matokeo

Kijana alirudi kazini baada ya miezi mitatu hivi. Bega halijarudi kama lilivyokuwa. Akibeba mzigo mrefu jioni linamuuma, na amepunguza oda mbili za mbali. Dereva alifikishwa mahakamani, akakiri kosa la kuendesha bila uangalifu, akalipa faini. Bado yupo kwenye ruti ileile.

Bima ililipa, baada ya kufuatiliwa kwa miezi mingi. Gharama za hospitali zilirudi karibu zote, kwa sababu mama alitunza kila risiti kwenye mfuko mmoja pamoja na nakala ya PF3. Kipato kilichopotea kilikuwa kigumu zaidi kuthibitisha. Muuza mikate hana karatasi ya mshahara. Kilichosaidia ni daftari la oda la kule anakochukulia mikate, lenye idadi ya mikate ya kila siku na saini yake, pamoja na zile picha za kijana wa bodaboda zilizoonyesha sanduku likiwa limejaa. Fidia haikulingana na hasara, lakini ilizidi mara kadhaa kile kilichowekwa mezani jioni ya kwanza.

Barabarani, kanuni ya nguzo ya pili ilishika kwa madereva wa ruti hiyo. Makonda ndio walioipenda kuliko wote, nadhani kwa sababu iliwapa kazi ya maana mbali na kuita abiria. Wauza mikate wanasema kubanwa pale kituoni kumepungua sana.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Nianze na jambo ambalo naona watu watalipinga. Ushauri wa "bana pembeni" tunaowapa waendesha baiskeli tangu wakiwa watoto ni ushauri mbaya kwenye barabara nyembamba. Unaonekana wa busara na wa heshima kwa wenye magari, lakini ndio uliomweka kijana huyu mahali pabaya. Aliyebana nusu mita kutoka ukingoni anamwambia dereva, bila kutamka, kwamba nafasi ya kupita ipo, wakati haipo. Halafu kila shimo la ukingoni linamlazimu ayumbe kulia bila onyo, na kushoto kwake hana pa kuangukia ila kwenye ngazi ya lami. Anayekaa mita moja na nusu ndani anampa dereva chaguo mbili zilizo wazi: kusubiri, au kuhamia njia nyingine ikiwa tupu. Naye anabaki na nafasi ya kukwepa shimo kwa kushoto, akilikimbia gari.

Simaanishi baiskeli itembee katikati ya barabara safari nzima. Kwenye kipande kipana, chenye ukingo mzima na gari jepesi nyuma, mtu asogee kushoto awapishe wenzake. Hiyo ndiyo kugawana. Lakini palipo pembamba, palipomegeka, au kituo kinapokaribia, pembeni ndipo pa hatari, na tuwaambie hivyo vijana wetu bila kuwaonea haya wenye magari. Kijana anatakiwa pia ajue kwamba kusogea kulia bila kugeuka nyuma na kutoa mkono ni kujiua. Hatua hizo ni kitu kimoja, hazitenganishwi.

La pili lililofanya kazi ni hesabu ya sekunde. Madereva wa daladala wamehubiriwa utu, sheria na moto wa milele, na wameyasikia yote. Hawa walibadilika kwa sababu walionyeshwa kwamba kitendo chenyewe hakina faida, kwa lugha ya muda na abiria, ambayo ndiyo lugha ya kazi yao. Dereva mmoja alifanya hesabu upya kwenye simu yake, akaja kuniambia imetoka vilevile. Huyo ndiye aliyekuja kuwa msimamizi mkali wa kanuni hii kuliko mwenyekiti wa mtaa.

Na tusiwasahau wale watu wazima wawili, mama wa kwenye gari na mzee wa matunda. Sheria inamwamuru dereva asimame, na wao walimwezesha kusimama. Kwenye mafunzo yoyote ya kituo ningependa watu wa namna hii waalikwe, wafundishwe kuangalia shingo kabla ya kumwinua mtu, kufunga mkono kwa khanga na kupiga picha kabla ya kitu kusogezwa. Wao huwepo pale saa zote. Gari la wagonjwa halipo.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Ukingo wa lami haujatengenezwa. Wakazi walijaza kifusi kwa nguvu zao, mvua ya msimu uliofuata ikakichukua na kukipeleka mtaroni. Hapa siwezi kuwapamba watu wa mtaa wala makubaliano yao. Sanduku jembamba, konda makini na dereva mwenye subira wote wanafanya kazi ya ngazi ya sentimita 10 ambayo haikupaswa kuwepo. Kituo kikipata eneo la gari kuingia, na ukingo ukirudishwa, nusu ya kanuni zetu hazitahitajika.

Masanduku nayo yamerudi kupanuka. Baadhi ya vijana walipunguza upana, wakakuta wanapeleka mikate michache kwa safari ileile, na faida ya mkate mmoja ni ndogo mno. Mmoja akaongeza urefu kwenda juu badala ya upana, baiskeli ikawa inayumba kwenye upepo wa magari makubwa. Riflekta zimebaki, kwa sababu hazimpunguzii mtu mkate. Nilijifunza kutenganisha mambo hayo mawili: linalogusa kipato linahitaji jibu la kipato, pengine kiwanda cha mikate kikubali kupanga safari mbili fupi badala ya moja iliyojaa.

Kushindwa kukubwa zaidi ni kwa wale wasiokuwepo kikaoni. Barabara hiyo hutumiwa pia na daladala za ruti ya pili, na hizo hazikualikwa kwa sababu ofisi ya mtaa iliwaita wale tu wanaoanzia safari karibu. Dereva wa ruti ya kwanza anaposubiri nyuma ya baiskeli, wa ruti ya pili hutanua pembeni au huwapita wote wawili na kuwachukua abiria. Zile sekunde 10 tulizosema ni gharama ndogo zinakuwa abiria wanne waliochukuliwa na mwingine. Madereva wawili wameshaniambia waziwazi kwamba mwenzao wa ruti ya pili akiwa nyuma, kanuni ya nguzo hawaifuati, na kwa hesabu wanayopelekea siwezi kuwaita wabaya.

Viongozi wa ruti ya pili wameombwa kukutana na wenzao kituoni hapo, safari hii wakiwa na konda mmoja mmoja na Coaster ya kufanyia vipimo, na trafiki wa eneo amekubali kuwepo. Wamiliki wa magari wa pande zote mbili wameitwa pia, kwa sababu wao ndio wanaopanga hesabu.